Nyumba ndani ya medina ya Fez, Moroko: mnunuzi aangalie nini?

Shiru_Nax: Habari zenu. Niko Nakuru, Section 58. Dadangu anafanya kazi Casablanca na tumekuwa tukiweka akiba pamoja, sasa ameona nyumba inauzwa Fez ndani ya mji wa zamani, ghorofa mbili, ua katikati, vigae vya rangi hadi nusu ya ukuta, na bei ni kama ya ploti nzuri huku Kiamunyi. Ntaenda kuiona Novemba. Anayeuza anasema wako ndugu kadhaa lakini yeye ndiye anawasemea, na anataka deposit saa hii. Hapa Kenya ningefanya sachi ya taito, huko sijui pa kuanzia. Na nikifika nitembee wapi niuelewe mji?

Mwalimu_wa_Mumias: Dada Shiru, tafadhali usitume hata shilingi. Nilisoma Fez kwa ile skolashipu ya serikali yao na hii hadithi ya "ndugu kadhaa" niliisikia sana. Nyumba nyingi za medina hazina taito, zina melkia, yaani karatasi ya adoul, wale maafisa wa sheria wanaoandika ushahidi kwamba fulani anajulikana kuwa mwenye nyumba. Alafu urithi unafuata sheria ya Kiislamu, mzee akifa nyumba inakuwa mafungu, mjane lake, wavulana na wasichana yao, nao wakifa fungu linagawanywa tena, mpaka unapata nyumba moja ina wenyewe ishirini, mwingine yuko Ufaransa na mwingine hajui hata kama ana haki hapo. Huyo bwana bila wakala wa maandishi kutoka kwa kila mrithi anaweza kukuuzia fungu lake tu, na hata hilo wenzake wana haki ya shufaa, wanakurudishia pesa zako wanalichukua. Sisi watu wa Western tunaijua hii, shamba liko kwa jina la babu marehemu na mjomba mmoja anauza pembeni.

Waambie wasajili nyumba kwanza pale Conservation Foncière, ofisi yao ya usajili wa ardhi. Ni utaratibu wa sheria ya tangu 1913: ombi linatangazwa kwa gazeti la serikali, sorveya anapima mipaka, na baada ya tangazo la kufunga upimaji watu wana miezi 2 ya kupinga. Inachukua muda lakini ikitoka taito hakuna mrithi wa kutokea nyuma.

FundiKondele: Mimi niongeze upande wa mjengo juu nimewahi kufika. Umechagua mwezi mzuri, Novemba mvua imeanza, kwa hivyo panda mpaka juu kabisa kwa paa uangalie maji yanaenda wapi, alafu shuka ukague vichwa vya zile boriti za mwerezi venye zinaingia ukutani, hapo ndipo zinaoza. Ukuta mwingi ni wa pamoja na jirani, yake ikianguka yako inafuata, na utaona vichochoro vingine vimeegemezwa magogo. Gari haiingii, ni kama Lamu ila huko ni nyumbu (wale wa punda na farasi, si wa mbugani), kwa hivyo simiti inabebwa na nyumbu na kifusi kinatoka na nyumbu, weka hiyo kwa bajeti. Na kibali cha manispaa kabla ya kugusa ukuta wowote.

Kutembea, ingia lango la Bab Bou Jeloud ufuate njia ya Talaa Kebira chini polepole, ukisikia "balak!", yaani pisha, jibanze ukutani. Madrasa ya Bou Inania wanakubali wageni. Qarawiyyin, ule msikiti ulioanza 859, kama si Mwislamu utaona kwa mlango tu. Ijumaa mchana maduka mengi yanafunga.

Shiru_Nax: Asanteni sana, nimeshampigia dadangu, halipi kitu mpaka tuone majina ya warithi wote. Swali moja, mgeni anamiliki kabisa ama ni lisi?

Mwalimu_wa_Mumias: Kabisa, mjini. Hapa kwetu katiba inampa mgeni lisi ya miaka 99 tu, huko kizuizi kiko kwa ardhi ya kilimo. Pesa ziingie kwa benki kama fedha za kigeni na uhifadhi zile karatasi, juu bila hizo siku ya kuuza utashindwa kuzitoa nchini. Ushuru wa kuandikisha weka asilimia 4, Conservation 1.5, na malipo ya notari, yule afisa wa sheria anayeandika mkataba, juu yake. Mtafute notari wenu wenyewe, msikubali wa muuzaji.