Mbuya wangu alihamia kanisa lingine, sasa ni mgonjwa kitandani. Niende nikaombe naye?

Mama wa Mitumba (Moshi)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mnivumilie, nitaandika kirefu.

Nauza nguo za watoto Kiborloni, mwaka wa kumi na nne huu. Tulikuwa wanawake saba. Siku za soko tunafika saa kumi na moja alfajiri, belo hazijafunguliwa, tunatandika turubai nyuma ya mabanda tunaomba nusu saa. Hatukuwa na kiongozi. Aliyetangulia kufika ndiye anayeanzisha pambio. Ile baridi ya mwezi wa sita na wa saba ilitukuta palepale, tumejifunika mashuka ya biashara, na kukipambazuka mlima unafunguka wote mweupe. Nilikuwa nasema moyoni, Bwana, kama mbinguni ni hivi, mimi niko tayari.

Mmoja wao nitamwita Mbuya, maana ndivyo tulivyoitana, kwetu mbuya ni rafiki. Mume wangu alipofariki Mbuya alilala kwangu wiki tatu. Mchana anauza meza yake na ya kwangu, jioni ananihesabia hela yangu mpaka sarafu ya mia mbili. Sikuwa na nguvu ya kuomba. Aliniambia, "Wewe kaa, nitakuombea na zamu yako."

Miaka mitatu iliyopita kanisani kwetu kukazuka ugomvi. Kanisa sitalitaja, na naomba mtu asikisie. Ulianzia kwenye hela za kiwanja. Wanne wakatoka na mhubiri aliyeondoka, Mbuya akiwemo, sisi watatu tukabaki. Turubai lilikuwa la Mbuya. Siku ya soko iliyofuata hakuna aliyelitandika, na hatujaomba pale tena mpaka leo.

Salamu zipo. "Bwana asifiwe," "Amina," nikikosa chenji nakimbilia kwake. Lakini kule walikohamia wameambiwa wasishirikiane na sisi, na kwetu mzee wa kanisa alisimama akasema atakayekwenda kuomba nao ahesabu kuwa ametoka pamoja nao.

Sasa Mbuya amepooza upande wa kulia. Yuko nyumbani Pasua mwezi wa pili huu, na maneno yanatoka kwa shida. Nimempa binti yake hela mara mbili. Mara ya pili akaniambia, "Mama anauliza, wewe mwenyewe uko wapi?" Tangu hapo silali vizuri.

Swali langu: nikienda, niombe naye, au nimsalimie tu kama jirani nirudi? Na aliyewahi kupita njia hii anisaidie, unaanzaje kuongea na mtu mliyenyamaziana miaka mitatu?

Dereva wa Njoro

Shikamoo mama. Nenda leo kama unaweza. Mama yangu alipooza hivyohivyo, nimemuuguza miaka miwili, kwa hiyo niseme ninayoyajua.

Usimmalizie maneno. Mtu wa namna ile neno analo kichwani, njia ya kutokea ndiyo imeziba. Ukimmalizia kila sentensi anajiona amekwisha. Uliza swali moja, kisha subiri, hata kimya kikikuchoma. Usidhani pia kwamba haelewi, ukaanza kumwongelea na binti yake yeye akiwa palepale. Na kabla hujamlisha kitu muulize binti hospitali walisemaje kuhusu kumeza. Mama yangu chai ilikuwa inampalia, lakini mtori mzito aliumeza vizuri akiwa ameketishwa wima.

Hayo ya makanisa wazee watakujibu. Mimi najua jioni ndipo wanapolia.

Msomaji wa Neno (Arusha)

Shalom mama. Kumtembelea mgonjwa si suala la kuombea ruhusa. Bwana mwenyewe amesema, nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama, Mathayo 25.

Kuomba pamoja ndiko kunahitaji utulivu. Usione nakufungia mlango. Waraka wa pili wa Yohana unakataza kumkaribisha hata nyumbani mtu aletaye fundisho lingine juu ya Kristo, na yule ni mtume wa upendo. Wapo waliotoka makanisani kwa sababu walianza kufundishwa mambo ambayo si Injili kabisa, na anayeomba nao anawaambia wengine kwamba ni sawa. Kwa hiyo nakuuliza, waligombania nini hasa? Kristo, au kiwanja?

Mama wa Mitumba (Moshi)

Asante kaka. Nimeisoma mara mbili ili nisikujibu kwa hasira. Ni kiwanja, na nani ashike madhabahu. Wanabatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, Biblia ni hiihii, hata mapambio wanaimba yaleyale. Nikipita pale Jumapili nayasikia, sauti ya Mbuya naijua, nasimama kidogo barabarani kama nasubiri gari.

Msomaji wa Neno (Arusha)

Basi mama, nimejibiwa. Nenda ukaombe naye. Ila mzee wako wa kanisa umwambie mwenyewe mapema, asije akalisikia kwa watu.

Mzee wa Kihamba (Marangu)

Mwanangu, nina miaka sabini na minane. Nikusimulie ya mama yangu.

Alikuwa Mluteri, na alikuwa mmoja wa ndugu wa uamsho. Vijana mnausikia kwa jina tu. Ulianzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, kwa Waanglikana, ukaenea Uganda, ukavuka Bukoba, ukatufikia na sisi huku mlimani. Ndugu hawa hawakuanzisha kanisa lao. Kila mtu alibaki alikobatizwa, Mluteri, Mwanglikana, hata Mmenonite wa kule Mara, na wakikutana waliimba ule wimbo wa Kiganda, Tukutendereza, wakalia na kukumbatiana. Nyumbani kwetu walilala watu ambao mama hakuwajua jana yake. Sisi watoto tulihamishiwa jikoni.

Walikuwa na neno, kutembea nuruni. Mtu akikukosea, au umemkosea, unamwendea unalitaja, halifichwi. Jioni moja mama alisimama mbele ya watu akamwambia jirani yetu kwamba alikuwa amesogeza isale, ile mimea ya mpaka, hatua mbili, ndani ya kihamba cha huyo jirani, yaani shamba lake la migomba. Baba hakuwa amejua. Asubuhi wakaenda wote watatu wakazing'oa na kuzirudisha.

Wasio Wachaga hawataelewa uzito wake. Isale ni mpaka wa shamba, na jani hilohilo ndilo babu zetu walilopeleka walipokwenda kuomba radhi. Ukiletewa isale, kukataa kusamehe ni jambo zito sana. Siku ile mama alikuwa ameshika mmea mmoja wenye kazi zote mbili. Nimeutazama mpaka ule tangu nikiwa mtoto na mpaka leo bado naufikiri.

Kuhusu kuanza kuongea. Paulo akiwa kifungoni aliwaandikia Wafilipi kwamba anawaonea shauku, na mwishoni akawasihi wanawake wawili kwa majina, Euodia na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana. Hakuandika nani alikuwa na kosa. Alisema walishindana pamoja naye kwa ajili ya Injili, basi. Na wewe ya kiwanja usiyaanze. Kama kuna lako, kwa mfano miezi hii miwili hukwenda, litaje hilo moja, uombe radhi.

Mke wa Mluteri (Kibosho)

Mama, mimi ni Mkatoliki, mume wangu ni Mluteri wa Machame, mwaka wa ishirini na mbili wa ndoa. Huku hatukuchagua kugawanyika. Mapadre walijenga Kilema na Kibosho, Wajerumani wa Leipzig wakaanzia Machame mwaka 1893, babu akafuata kengele iliyokuwa karibu na kihamba chake. Ningezaliwa mabonde machache magharibi, ningekuwa Mluteri.

Jumapili tunashuka pamoja hadi njia panda, yeye kwao mimi kwetu. Mezani pa Bwana hatujakaa pamoja hata siku moja. Watu hutuambia tumeshazoea. Hatujazoea. Tarehe 31 Oktoba 1999 wakubwa wetu walitia sahihi tamko la pamoja kule Augsburg, Ujerumani, kwamba mtu anahesabiwa haki kwa neema, jambo lililowagawanya karibu miaka mia tano. Padre alipotueleza nilifurahi nikadhani njia panda yetu imekwisha. Bado.

Kwa hiyo tunashika kilichopo. Jioni tunaomba sebuleni, yeye anasoma Neno, mimi naanzisha Baba Yetu, na watoto wanaitikia. Wewe na Mbuya hata meza mnaruhusiwa kimsingi, aliyewazuia ni mwanadamu. Nenda, mama. Ukienda nikumbuke na mimi.

Mama wa Mitumba (Moshi)

Shikamoo mzee wangu wa Marangu. Dada wa Kibosho, nilikutaja kwa Mungu, nitafika hapo.

Jumatano nilimwendea mzee wa kanisa nikamwambia nitakwenda na nitaomba. Hakusema ndiyo wala hapana. Alhamisi nikafunga meza mapema, nikapika mtori nikauponda mzito, nikapanda bajaji.

Amekonda. Nilikaa upande wake wa kushoto, ule mzima. Nikamwambia, "Mbuya, miezi miwili sijaja. Niliogopa watu. Nisamehe." Akanishika mkono. Kisha akaanza kutafuta neno, na lilichukua muda mrefu, jasho linamtoka. Nilidhani ni "tuombe", likawa mdomoni kwangu kabisa, nikakumbuka maneno ya dereva wa Njoro nikaumeza ulimi. Neno lilikuwa "turubai".

Binti akaenda nyuma ya kabati akalitoa. Limekunjwa vizuri, limefungwa kwa kamba ileile ya belo. Miaka mitatu hakulitandika sokoni wala huko alikohamia.

Nililitandika sakafuni kando ya kitanda nikapiga magoti, mkono wake ukiwa kichwani kwangu. Nikaanzisha pambio, yeye akaguna nalo. Ajabu ni kwamba kwenye kuimba maneno mawili matatu yalitoka mazima. Tukiwa katikati akaingia mmoja wa wale wanne, na ndoo ya nguo alizomfulia. Alisimama mlangoni. Sikuacha kuomba, na kusema kweli sikujua niseme nini. Akaitua ndoo, akavua kandambili, akapiga magoti pembeni kwenye ncha ya turubai. Hapo ndipo nilipomtaja dada wa Kibosho na mumewe, na wote wawili wakaitikia Amina bila kujua ni nani.

Mbuya alikula bakuli zima. Baadaye akauliza, kwa shida, belo ya watoto siku hizi ni bei gani. Nilipomtajia akafumba macho.

Jumanne narudi. Yule dada amesema atamwogesha asubuhi, mimi nije na maziwa na chakula cha mchana.