AMEPULIZA DISKI YANGU KWA MDOMO!!! Wa Luthuli Avenue mnamjua huyu mtu

Bi_Kamera

Nimeshuka ngazi za lile jengo sasa hivi. Niko ndani ya matatu ya Umoja, haijajaa, mikono inatetemeka na naandika hivyo hivyo. Msinisahihishe herufi.

Alipuliza. Jamani, amepuliza diski yangu kwa mdomo. Fuuuu! Kama uji wa mtoto.

Simtaji, sina haja. Ni yule fundi wa ghorofa ya pili, grili ya kijani, kaunta ya kioo iliyojaa chaja za simu, anayekwambia "hakuna kitu inanishinda" kabla hujamaliza salamu. Nusu ya Nairobi imeacha vitu kwake, na wote wanaambiwa wakuje Ijumaa.

Diski ni ya nje, ya kuhifadhia faili za kompyuta, terabaiti 2, zile ndogo za inchi 2.5. Jumamosi mtoto wa dada yangu alipita mbio akanasa kebo kwa mguu, diski ikaruka kutoka mezani hadi sakafuni ikiwa bado inazunguka. Tangu hapo ukiichomeka inalia tik, tik, tik, halafu kimya. Ndani kuna harusi ya Kangundo, saa sita za video, sijaanza hata kuihariri. Babu ya bibi harusi yuko humo. Mzee alisimama na fimbo yake, akavua kofia, akawabariki wale watoto kwa Kikamba dakika kumi na moja bila karatasi, hema lote likanyamaza mpaka ukasikia sufuria kule jikoni. Wiki tatu baadaye akazikwa. Sauti yake iko kwangu tu. Iko kwenye hiyo diski aliyoipuliza.

Nilipoipeleka Jumatatu aliweka sikio, akasema, "Hii ni ya dakika ishirini, madam." Nikamtumia 3,500 za kuanzia. Leo nafika naambiwa ililala imechomekwa, programu inatafuta faili. Usiku kucha inalia tik tik! Hata mimi nisiyejua ufundi roho iliniuma, kama kuambiwa mgonjwa aliyevunjika mguu alikimbizwa hadi Thika na kurudi.

Kisha, mbele ya macho yangu, akachukua bisibisi ya nyota, akatoboa kile kibandiko kinachokukataza kufungua, akang'oa kifuniko. Hapo hapo kaunta. Mlango wazi, moshi wa magari na vumbi la Luthuli yote vinaingia. Mkono wa kushoto ana smokie pasua, kachumbari inamdondoka. Sahani ya ndani inang'aa kuliko kioo, niliona uso wangu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, si hiyo itaingia vumbi?" Akainama. Akavuta pumzi ya kuzima moto wa Gikomba. Akapuliza.

Nikaona tone la mate. Dogo, la mviringo, limekaa karibu na ukingo wa sahani, na kando yake kitu chekundu ambacho naapa mbele za Mungu ni nyanya. Akafuta kwa kidole gumba. KIDOLE GUMBA! Akachomeka diski ikiwa wazi. Ikalia kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga.

Akaniangalia: "Imekataa, madam. Lakini niko na mpya hapa, nakufanyia bei ya rafiki."

Rafiki wa nani?

3,500 harudishi, eti ni za muda wake. Anadai 1,500 zaidi za kufungua. Mama ya bibi harusi amenipigia mara mbili tangu saa nane, sijashika simu. Nimwambie nini? Kwamba baba yake amepulizwa?

Mzee_wa_Donholm

Grili ya kijani, ana kofia ya sufu hata Februari? Huyo ana laptopu ya mwanangu tangu akiwa kidato cha pili. Kijana sasa yuko chuo kikuu mwaka wa tatu.

Malkia_Kayole

Uwiii na smokie mkononi! Mimi alinirudishia simu nikakuta ndani si yangu. Ganda langu, matumbo ya mtu mwingine. Inapokea meseji za mtu anaitwa Baba Shiro.

Nyundo_Buruburu

Pole dada, lakini lazima mtu aseme. Mtu wa video za harusi na nakala moja? Watu wamekulipa pesa zao. Unaweka ndoa ya watu kwa kidude cha kuangushwa na mtoto?

Bi_Kamera

@Nyundo_Buruburu zilikuwa nakala mbili. Ya laptopu niliifuta Alhamisi kupata nafasi ya kazi nyingine, nikasema nitanunua diski ya pili mwisho wa mwezi. Jumamosi hii ikaanguka. Hilo kosa ni langu, nitalibeba mbele ya ile familia. Lakini kuanguka ilianguka ikiwa na kifuniko chake. Mimi sikupuliza.

Kijana_wa_Pipeline

Kwani hamjui ndani ya diski hakuna hewa kabisa? Ukifungua tu, hewa ikiingia, kwisha. Hata angepuliza na malaika.

FundiMstaafu

Kijana, hapana. Diski ndogo kama hiyo ina hewa, na ina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio, ndiyo maana nyingi zimeandikwa usizibe tundu. Hewa ndiyo inayobeba vichwa vya kusomea. Sahani ikizunguka, nyingi za aina hiyo mara 5,400 kwa dakika, kichwa kinaelea juu yake kwa nanomita chache tu. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe ya vumbi kwa kichwa hicho ni jiwe katikati ya barabara. Alama ya kidole ni mlima.

Bi_Kamera, ule mlio wa tik tik ni vichwa vinatafuta mahali pa kusoma na havipati. Ikilia hivyo unachomoa papo hapo, hakuna programu ya kuiponya. Kila dakika inayozunguka, kichwa kilichopinda kinaweza kuwa kinakwangua ule utando mwembamba wenye data, na ukishakuwa unga haurudi. Kazi yake ni kufunguliwa kwenye kabati la hewa iliyochujwa, viwekwe vichwa vizima kutoka diski pacha ya modeli ileile, isomwe mara moja tu kunakiliwa kwa diski nzima, halafu faili zitafutwe kwenye nakala. Huyo alianza na mwisho.

Sasa usiichomeke tena, hata kujaribu. Usiifute. Irudishe kifuniko, ifunge kwa kitu safi, peleka kwa watu wa maabara waangalie mkwaruzo uko wapi. Sikupi tumaini la uongo, ila sahani ina pande mbili na pengine hakuumiza zote.

Bi_Kamera

Nanomita chache. Na yeye akaweka kitunguu.

Mzee wangu asante. Kifuniko alinipa kwa mkono, skrubu nne kati ya saba. Nimeifunga kwa kitambaa cha kufutia lenzi, nimeikumbatia hapa kama kifaranga. Kila nikifumba macho naona yale mashavu yake yamejaa.

Wa_Milimani

Dada, achana na kulia. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza mambo ya hadi shilingi milioni 1, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi. Piga picha diski ilivyo leo, pamoja na hizo skrubu. Kuna mtu alikuwa hapo dukani?

Bi_Kamera

Kulikuwa na mama aliyeleta redio. Alishika kichwa, akasema "Woi!" Akarudi na redio yake.

Nyundo_Buruburu

Huyo mama ndiye mwenye akili katika hii stori yote.

FundiMstaafu

Swali moja. Kadi za kamera za siku ile ziko wapi?

Bi_Kamera

Mbili nimesharekodia harusi nyingine juu yake. Ya tatu ni ya kamera ndogo niliyoacha kwa tripodi nyuma ya hema. Ile kadi niliisafisha faili zote nikaiweka, sijaitumia tena, hiyo kamera ilikuwa na shida ya betri.

FundiMstaafu

Usiirudishe kwa kamera! Kusafisha kadi ndani ya kamera mara nyingi hufuta orodha ya faili tu, video zenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu. Sukuma kile kifungo kidogo cha ubavuni mwa kadi kiwe upande wa kufunga. Inakiliwe nzima kwanza, ndipo programu ya kuokoa ifanye kazi kwa nakala, si kwa kadi. Faili za video zinaweza kutoka vipande vipande, lakini sauti ya mzee inaweza kuwa humo.

Bi_Kamera

Ilikuwa inaangalia mgongo wake. Mgongo na sauti. Nitachukua. Iko kwa droo au kwa mkoba wa bluu. Matatu imetoka, tuko Jogoo Road, hakusongi.

Shangazi_Rongai

Mwanangu, usihangaike na maabara. Ifunge kwa nailoni, weka kwa friza usiku mmoja, asubuhi inafunguka. Binamu yangu alifanya hivyo.

Mzee_wa_Donholm

Nailoni utoe wapi shangazi, si zilipigwa marufuku 2017?

FundiMstaafu

Tafadhali usiweke diski kwa friza. Ikitoka, unyevu unatulia juu ya sahani kama jasho la chupa ya soda. Hiyo tayari ina mate, usiongeze maji.

Shangazi_Rongai

Hata hivyo friza yangu yenyewe haigandishi tangu Pasaka. Kuna fundi alikuja na mtungi, akaweka gesi, akakula chapati zangu nne, akaniambia nisubiri siku mbili. Samaki wangu wote wakaharibika. Nikimpigia anasema yuko Kitengela.

Malkia_Kayole

Wote wako Kitengela! Wa sofa yangu pia. Nilimpa deposi ya viti saba, akaleta vitano na akaniambia wageni wawili hawawezi kukosa kuchelewa.

Kijana_wa_Pipeline

Afadhali sofa. Mimi fundi wa nguo alinishonea suti ya graduesheni, mkono mmoja umefika kwa saa, mwingine umefika kwa kucha. Akaniambia nisimame vizuri.

Bi_Kamera

Jamani, nani anajua maabara inayokubali diski iliyokwisha funguliwa? Niko serious. Alipuliza, sio kwamba

Malkia_Kayole

@Kijana_wa_Pipeline weka picha ya hiyo suti hapa.

Mzee_wa_Donholm

Picha! Picha!

Wa_Milimani

Shangazi, gesi ulilipa ngapi?

Shangazi_Rongai

Elfu sita.

Nyundo_Buruburu

Elfu sita?! Umeibiwa mchana. Mimi niliwekewa kwa elfu tatu hapa Buruburu.

Shangazi_Rongai

Ikakaa siku ngapi?

Nyundo_Buruburu

Sita. Lakini hizo sita ilikuwa inagandisha hadi sukuma.