Wauza mchele mnaoandika "KYELA" kwenye gunia la mchanganyiko, mmeniharibia Jumapili yangu

Wakuu, salaam kwenu. Huu uzi niliuandika jana usiku nikaufuta, leo nimeurudia kwa sababu hasira bado ninayo. Ni habari ya mchele wa Kyela, ule unaosifika kwa harufu yake. Najua yupo atakayesema mtu mzima unalalamikia mchele. Namwomba asome mpaka mwisho.

Naishi Mbagala, kazi yangu iko mjini. Siku sita za wiki natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku. Siku hizo tunakula cha kuokoa muda: ugali na dagaa, ugali na mchicha, maharage niliyochemsha mengi usiku wa Jumatatu tukayagawa mpaka Alhamisi. Mchana nakula kwa mama ntilie nikiwa nusu nimesimama. Silalamiki, ndivyo maisha yalivyo.

Ila Jumapili ni yangu. Nikitoka ibada ya kwanza nawasha jiko la mkaa uani, nakaa kwenye mbuzi, nakuna nazi mbili kwa mkono wangu. Nachuja tui zito naliweka pembeni, tui la pili ndilo linalochemka na chumvi. Mchele ukishaingia na maji yakianza kukauka, namimina lile zito, nageuza mara moja kwa mwiko, nafunika, napunguza moto chini na kupalia makaa juu ya kifuniko. Baada ya hapo sifanyi kitu. Nakaa kwenye kigoda nasikia harufu inavyotoka taratibu mpaka jirani anauliza kupitia ukuta, "Leo kuna nini huko?" Watoto wanagombea ukoko. Hiyo nusu saa ndiyo starehe yangu ya wiki nzima, sina nyingine, na siitafuti nyingine.

Sasa wiki iliyopita alikuja mama mkwe. Mama ni mtu wa Kyela, amelima mpunga tangu msichana. Miaka yote akija anashuka kwenye basi na kiroba cha mchele wa shambani kwake, kwa hiyo nyumba yangu inaujua mchele wa Kyela si kwa kusimuliwa. Safari hii alitokea Dodoma kwa mtoto wake mwingine, akaja mikono mitupu, na ilimuuma sana. Nikamwambia, "Mama usijali, huku mchele wa kwenu upo, nitakupikia." Nilikuwa nimeshatenga pesa.

Jumamosi jioni nikapita kwenye duka la nafaka karibu na stendi. Gunia liko mbele, limefunguliwa mdomo, limechomekwa kipande cha boksi kilichoandikwa kwa maka peni: KYELA ORIJINO 3,600. Gunia la pembeni, mchele wa kawaida, 2,600. Nikamuuliza muuzaji kwa mdomo wangu, "Kaka, huu ni Kyela kweli? Nina mgeni wa kutoka hukohuko." Akaniangalia usoni akasema, "Dada, huo ni Kyela tupu, umeingia juzi." Nikachukua kilo tano, elfu kumi na nane. Mizani yake imekaguliwa, uzito ulikuwa sahihi, kwa uzito sina ugomvi naye.

Jumapili nikapika kama ninavyopika siku zote. Maji nayapima kwa pingili ya kidole, sijawahi kukosea miaka kumi na moja ya ndoa. Nilipofungua sufuria nikajua kuna jambo. Harufu ilikuwa ya nazi peke yake. Na wali wenyewe haukueleweka: huku umeshikana kama bokoboko, huku punje zimesimama na kiini kigumu katikati. Sufuria moja, moto mmoja.

Nikaandaa hivyohivyo, ningefanyaje. Changu wa kukaanga, maharage ya nazi, kachumbari. Mama akanawa, akala tonge la kwanza, akanyamaza. Akaokota punje mbili ukingoni mwa sahani, akazibonyeza moja moja kwa kidole gumba. Ya kwanza ikasagika yote ikawa uji. Ya pili ikakatika katikati, ndani nyeupe, mbichi. Akaniuliza kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, "Mwanangu, walikwambia huu unatoka kwetu?"

Nikasema ndiyo, Mama.

"Wamekudanganya. Humu kuna michele ya mashamba matatu." Kisha akaendelea kula mpaka akamaliza sahani, akasema ndaga fijo, yaani ahsante sana kwa Kinyakyusa. Wakuu, ile ahsante iliniuma kuliko kama angesusa. Mama wa miaka sabini na kitu anakula kiini kibichi ili nisiaibike mbele ya wanangu.

Kesho yake alfajiri nikamkuta uani na ungo. Amemwaga sehemu ya mchele uliobaki anaichambua kwa vidole. Fungu moja punje nyembamba ndefu, fungu la pili fupi nene, fungu la tatu zimepiga umanjano, zimekaa ghalani siku nyingi, halafu chenga. Aliomwaga ulikuwa kama nusu kilo. Punje alizosema, "Hizi naweza kuzikubali kwamba ni za kwetu," hazikuzidi konzi moja. Konzi moja! Na mimi nililipa kilo tano kwa bei ya Kyela.

Hapa ndipo nataka wauza mchele mnisikilize vizuri, maana mnaona kama mkichanganya hakuna anayeumia. Mchele mpya una unyevu, unataka maji kidogo. Mchele uliokaa unakunywa maji mengi. Punje nene na punje nyembamba haziivi kwa wakati mmoja. Ukivichanganya vyote kwenye gunia moja, hakuna mpishi duniani atakayepata kipimo cha maji. Ukiweka ya mpya, wa zamani unabaki na kiini. Ukiweka ya wa zamani, mpya unakuwa bokoboko. Kwa hiyo hamjachukua hela yangu tu. Mmechukua na nazi zangu mbili, mkaa wangu, na ile Jumapili. Halafu mwanamke anaonekana hajui kupika! Ni wangapi wamesemwa na waume zao kwa wali kama huo, kosa likiwa la gunia?

Na hili la jina. Kyela ni wilaya moja tu, bonde la kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kule mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe inakomwagia maji. Wengi wanaolima ni wakulima wadogo wanaotegemea mvua. Nchi hii inalima mpunga Mbarali, Kilombero, Shinyanga, Mwanza, Tabora, Magugu kule Manyara, na kwingine kwingi. Sasa zunguka maduka ya Dar, kila gunia la bei ni Kyela. Wilaya moja inalisha jiji zima na mikoa mingine juu yake? Huo mpunga unalimwa wapi, juu ya mapaa?

Sisemi michele mingine ni mibaya, msinielewe vibaya. Wa Kahama nimeula mwaka mzima nilipokuwa na hali ngumu, ukiujulia maji ni mchele mzuri. Wa Ifakara kwa pilau siubadilishi. Ile mbegu ya SARO 5 watu wanaidharau bure, inampa mkulima magunia mengi kwa eka na ina harufu yake kidogo. Niandikie Kahama nitanunua Kahama. Niandikie MCHANGANYIKO, bei ya mchanganyiko, nitaamua mwenyewe kama nausongea bokoboko la watoto au naupitia mbali. Ninachokataa ni kuuziwa jina. Ile elfu moja ya juu kwa kilo nililipia harufu, na harufu hamkunipa. Kwa kilo tano ni elfu tano, na hiyo ni nauli yangu ya siku tatu.

Anayeumia mwingine ni mkulima wa kule. Watu wanaanza kusema "siku hizi Kyela hainukii". Si Kyela isiyonukia, ni gunia lenu. Mama aliposikia hivyo alikasirika, na yeye si mtu wa kukasirika. Akasema wao wanapalilia mpunga migongo inapinda, halafu mtu wa mjini analichafua jina lao kwa koleo moja la kuchanganyia michele sakafuni.

Jumatatu jioni nilirudi dukani na mfuko wangu. Kwanza akaniambia, "Dada, huo ni wa msimu uliopita, ndiyo maana harufu imepungua." Ni kweli mchele ukikaa sana baada ya kukobolewa harufu inapungua, hilo nalijua. Lakini Jumamosi uliniambia umeingia juzi! Na muda unapunguza harufu, haubadilishi umbo la punje. Nikamwonyesha mafungu matatu ya Mama, nilikuwa nimeyafunga kwenye mifuko midogo. Akabadilika: "Wateja wenyewe mnataka bei ndogo." Mimi? Niliyelipa 3,600 bila kuomba hata mia ipungue?

Halafu akasema neno ambalo ndilo lililonikosesha usingizi. Akainama karibu, kama ananifanyia hisani: "Ukitaka Kyela yenyewe ungeniambia. Upo ule wa ndani, wa wateja wangu. 4,200."

Kwa hiyo anaujua! Anajua upi ni Kyela na upi si Kyela, ameutenga, ameufungia ndani, na ule wa nje ameuandikia jina la ule wa ndani. Si bahati mbaya ya ghala, si dereva aliyechanganya mizigo. Nilimwuliza kwa mdomo wangu na alijibu akijua. Nilimwomba anirudishie hela, akakataa, eti mfuko umeshafunguliwa. Sikuununua huo wa ndani. Sikuweza kumpa hela nyingine mtu yule.

NYONGEZA: Naona wameshaanza, "mchele ni mchele tu, wenzako wanalala njaa". Ndugu zangu, anayepata kidogo ndiye mwenye haki zaidi ya kupata kile alicholipia. Tajiri akipikiwa wali mbaya ataagiza chakula kingine saa hiyohiyo. Mimi nasubiri siku saba.

Mwingine kauliza kwa nini sikukagua kabla ya kununua. Nilinusa, nikachota na kiganjani. Juu ya gunia ndipo walipoweka wenye harufu. Mnaonunua leo, mwambieni achote chini, mkono uingie mpaka kiwiko, mmwage kidogo kwenye kitu cheusi mtazame kama punje zinafanana. Na tafuneni mbili tatu mbichi.

Mama anaondoka Alhamisi asubuhi. Jumatano nimeomba ruhusa ya nusu siku kazini, nazi nimeshanunua. Mwenye kujua muuzaji mkweli wa Kyela, Mbagala, Tandika au hata Tandale nitafika, aniambie kabla ya kesho jioni. Nataka apande basi akiwa amekula wali wa kwao nyumbani kwangu.