Naomba neno la kusema mtu anawazidi wenzake bila kuwaponda

Kalamu Butu (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Nimekwama tangu asubuhi. Naandika barua ya kumpendekeza mfanyakazi mmoja apandishwe cheo. Kuna mwenzake naye anakitaka cheo hicho hicho. Nataka ieleweke kwamba huyu yuko juu, ila msomaji asihisi yule mwingine kasagwa. Niliandika "ni afadhali kuliko mwenzake", nikafuta. Nikaweka "ni bora kuliko mwenzake", naona kama nimemzaba mtu kofi. Mwisho wa kupeleka ni kesho. Naomba neno tu, mahubiri baadaye.

Mzee wa Koma
Hiyo "afadhali" ulifanya vizuri kuifuta. Hilo ni neno la kando ya kitanda cha mgonjwa. "Anaendeleaje?" "Leo afadhali." Maana yake bado kalala. Ukimpendekeza mtu kwa afadhali umesema wote wabovu, huyu ubovu wake unavumilika. Heri ni jirani yake, ila ina kukata tamaa ndani: heri nusu shari kuliko shari kamili. Wala bora usiiamini sana. "Mfanyakazi bora" ni sifa, lakini "bora yeye" tayari ni kuguna.

Bibi Nukta
Mume wangu aliwahi kunitambulisha kwa ndugu zake: "Huyu afadhali." Alikuwa ananilinganisha na yule aliyenitangulia. Miaka 11 sasa, bado namdai.

Nyundo
Andika "kiboko yao", tia nukta, lala 😂

Kipanga
Mleta mada, wewe ndiye bosi wao?

Kalamu Butu
Bosi atatia saini. Mimi naandika tu. Turudi kwenye neno tafadhali.

Mzee wa Koma
Jaribu vitenzi. Kushinda kunataka pambano, na penye mshindi pana aliyelala chini, kwa hiyo hapana. Kupiku ni kwa wacheza karata, kuzidi kete ni kwa wajanja, na barua ya kazi haitaki harufu ya ujanja. Kupita ni kupole: "amewapita wenzake", kila mtu alikuwa anatembea, yeye katangulia. Ila ninayoipenda ni kuzidi, kwa sababu hubeba kipimo chake mgongoni. Amenizidi kimo, amenizidi umri, amenizidi subira. Ukitaja kipimo, yaliyobaki hujayagusa. Angalizo moja: usimwache mtendwa. "Amewazidi wenzake kwa umakini" ni sifa. "Amezidi!" peke yake ni malalamiko ya jirani.

Kipanga
Somo zuri, Mzee. Lakini mimi sijajibiwa. Bosi anatia saini, wewe unaandika. Anayependekezwa ni nani?

Kalamu Butu
Sioni hilo linahusianaje na msamiati.

Kipanga
Linahusiana kuliko unavyotaka tujue.

Kalamu Butu
Haya. Ni mimi. Bosi kasema kazi zimemzonga, niandike mwenyewe, yeye alete kalamu. Ni kawaida, maofisi mengi hufanya hivyo, na sijaongopa hata neno moja. Huyo mwenzangu, maana najua mtauliza, ndiye aliyenifundisha kazi. Ni rafiki yangu. Lakini kumfundisha mtu si kigezo cha cheo, na naye kama aliambiwa aandike yake ni shauri lake.

Bibi Nukta
Aliambiwa?

Kalamu Butu
Sijamuuliza.

Bibi Nukta
Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina la kuongeza.

Nyundo
Jamaa anajipigia debe kwa mdomo wa bosi. Hii ni sanaa.

Mzee wa Koma
Sasa mambo yamebadilika, maana umeingiza -ji-. Kusifu ni adabu, kujisifu ni aibu. Kukweza ni heshima, kujikweza ni kuomba kushushwa. Angalia pia hii: "najivunia kazi yangu" mtu huisema jukwaani akapigiwa makofi, lakini "najivuna" hakuna aisemaye juu ya nafsi yake, husemwa na maadui. Nilivyosema kuzidi inafaa nilidhani msemaji ni mwingine. Kwa hali yako tumia maneno yasiyohitaji mtu wa pili: hodari, stadi, makini, mahiri. Bingwa nalo si lazima limwangushe mtu. Daktari bingwa hajamshinda daktari yeyote, ana fani yake tu.

Mwalimu Chaki
Jamani mnachotwa. Akaunti imefunguliwa jana. Hili ni swali la mtihani: "Tofautisha bora, afadhali, heri na zidi kwa kutunga sentensi." Kalivika suti ya bosi, nanyi mnamfanyia kazi ya nyumbani. Tena humu kila mtu anaitwa mkuu, hata mwanafunzi wa jana. Neno "mkuu" limeshachakaa, "mkubwa" walau unajua ana umri.

Nyundo
Kama ni mtihani, kiboko yao nipeni maksi 2.

Bibi Nukta
Mimi naanza kuamini Mwalimu. Bosi, rafiki, kesho ndiyo mwisho, mbona vimepangika kama tamthilia?

Kalamu Butu
Mwalimu, nina watoto wawili, mtihani wa nini? Ngoja niweke aya yenyewe, nimeshaifanyia kazi kwa ushauri wa Mzee:

"Nimefanya kazi na mwombaji kwa miaka 6. Ni mtendaji hodari na makini. Madai ya wateja yaliporundikana alibaki ofisini hadi usiku akayamaliza yote, na wateja wengi walinishukuru kwa uvumilivu wangu. Kwa mpangilio wa kazi amewapita wengi, na namwona yuko tayari kwa cheo cha juu."

Mzee wa Koma
"Amewapita wengi." Safi sana, hujamtaja mtu.

Kipanga
Sentensi ya tatu, mwishoni. Wateja walimshukuru nani, kwa uvumilivu wa nani?

Mwalimu Chaki
Nafuta kauli yangu. Mwanafunzi hakosei hivi. Hili ni kosa la mtu mzima anayejipenda.

Bibi Nukta
Rekebisha upesi mwanangu, halafu umpigie rafiki yako.

Kalamu Butu
Nilishaituma kabla ya kuiweka hapa. Bosi kajibu sasa hivi, ametia saini na kuipeleka. Hakuisoma.

Nyundo
Kiboko yao.