Kurudi Moshi baada ya matibabu ya saratani: kliniki naendeleaje?

Shikamoo wakubwa, na wengine habari zenu.

Niko Leicester. Nilitibiwa saratani ya titi: upasuaji, dripu za dawa za saratani, mionzi, na sasa nameza tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni isiurudishe ugonjwa. Mama amezeeka, nataka kurudi Moshi moja kwa moja. Daktari wa huku hana neno, mradi ufuatiliaji uendelee. Nianzie wapi? Shangazi anasisitiza nikifika niwe napiga picha ya mwili mzima kila miezi mitatu.

*

Mdogo wangu, pole kwa uliyopitia na hongera kwa kufika hapo.

Anzia huko huko Leicester. Sheria ya Uingereza inakupa haki ya nakala ya faili lako, kwa kawaida bila malipo, na wana mwezi mmoja wa kukujibu. Wakikupa barua ya ukurasa mmoja, rudi tena. Unataka majibu yote ya kinyama, yaani kile kipande cha uvimbe kilichopimwa maabara, pamoja na yale yanayoonyesha kama uvimbe ulikuwa unategemea homoni na kama ulikuwa na HER2, protini inayochochea saratani kukua. Ripoti ya upasuaji. Mionzi ilipigwa wapi na kwa kiasi gani. Na mamografia, yaani eksirei za matiti, zenyewe kwenye CD, siyo maelezo yake tu. Bila picha ya zamani, mtaalamu wa hapa atajuaje kama anachokiona ni kovu la kisu au kitu kipya?

Halafu dripu: majina ya dawa na dozi zake. Hizi watu wengi huzidharau. Kama ulipewa ile nyekundu, doksorubisini, au ndugu yake epirubisini, moyo unavumilia kiasi fulani tu cha dawa hiyo kwa maisha yote. Daktari atakayekuona miaka mingi ijayo lazima ajue ulishatumia kiasi gani.

Hapa kwetu nenda KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi. Kituo chao cha saratani kilifunguliwa 2016. Kabla ya hapo safari za Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, ndizo zilikuwa maisha ya wagonjwa wengi wa kaskazini. Fungua faili mapema hata kama hujisikii vibaya. Desemba usiiguse, Wachaga wote tuko njiani kuja kula sikukuu.

Shangazi mheshimu, ila kwa hili usimfuate. Miongozo inataka daktari akuone na akupime kwa mikono kila miezi 3 hadi 6 katika miaka mitatu ya mwanzo, kila miezi 6 hadi 12 miaka miwili inayofuata, kisha mara moja kwa mwaka. Mamografia ni kila mwaka. Kama huna dalili, sitiskani na picha nyingine za mwili mzima za mara kwa mara hazipendekezwi: hazijaonekana kurefusha maisha, zinakula hela na kukunyima usingizi. Ninyi mlioko nje ndio hasa mnaopenda kutuma hela za vipimo, nasema bila kuuma maneno. Kinachoita kipimo ni dalili: mfupa unaouma bila kuacha, kikohozi kisichoisha, kubanwa pumzi, kukonda bila sababu, uvimbe mpya kwenye kovu au kwapani. Na kwa kuwa unatumia tamoksifeni, ukitokwa damu ukeni isiyo ya kawaida, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, usingoje tarehe ya kliniki.

*

Naongezea kutoka Arusha, dada. Beba dawa za kukutosha miezi kadhaa, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina la dawa yenyewe, siyo la kampuni, maana boksi la hapa halitafanana na la huko. Tamoksifeni humezwa miaka 5, wengine hadi 10. Utaambiwa, "Umeshapona, unameza nini tena?" Tunayajua hayo; mwaka 2011 watu waliacha dawa zao wakaenda kupanga foleni ya kikombe cha dawa ya Babu kule Loliondo.

Bima uliza kabla ya kukata tiketi, na uulize waziwazi kama wanampokea mtu aliyekwisha kuugua saratani. Jibu wakupe kwa maandishi.

Kama ulitolewa tezi za kwapani, utunze mkono wa upande huo. Kazi za shamba fanya, ila anza taratibu na uvae glavu ukiingia migombani. Ukichomwa na mwiba au ukijikata, osha hapo hapo. Mkono ukianza kuvimba, kuwa mwekundu na wa moto, hospitali siku hiyo hiyo, usikandekande.