Acheni kutudanganya na "kuku wa Kiitaliano wa dakika 15"!

Wadau, leo nasema yote. Kila nikitafuta mapishi ya kuku wa chenga za mkate kwa mtindo wa Kiitaliano nakutana na kichwa kile kile: dakika 15, rahisi, hata mtoto anaweza. Ukiyafuata neno kwa neno unapata ganda lililoungua na nyama mbichi ndani, au ganda zima linabaki kwenye kikaango na kuku anatoka uchi. Ukiuliza, unaambiwa hujui kupika.

Hizo dakika 15 mnaanza kuzihesabu wapi? Kwenye video zenu kuku ameshakatwa, mayai yameshapigwa, chenga ziko kwenye sahani na mafuta yameshapata moto. Kidari kizima ni kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Lazima ukipasue kwa ubapa, ukifunike kwa plastiki, ukigonge kwa mchi mpaka unene uwe kama sentimita 1 kila mahali. Hapo ndipo uharaka wenyewe ulipo, kwa sababu kipande cha namna hiyo kinaiva kwa dakika 3 au 4 kila upande. Ninyi hatua hiyo mnairuka! Kidari kinene kikikaangwa hivyo, chenga zinaungua kabla katikati hapajafika nyuzi 74 za Selsiasi, na chini ya hapo mnawalisha watu kuku asiye salama.

Halafu kuna wanaosema ruka unga wa ngano "kuokoa muda". Muda gani huo? Kuku anakaushwa kwanza, anapakwa unga, ndipo yai, ndipo chenga. Unga unanyonya unyevu na yai linapata pa kushika. Ukiuondoa, ganda linabanduka lote ukimgeuza tu.

Na "weka mafuta yapate moto" ni maelezo gani? Semeni nyuzi 170 hadi 180. Asiye na kipimajoto mwambieni adondoshe chembe ya mkate: ikizama na kutulia, bado. Mwambieni pia asijaze kikaango, maana mafuta yakipoa chenga zinayanywa.

Kinachoniudhi kuliko yote ni sosi. Mtu amehangaika, ganda limekauka vizuri, halafu mnamwambia amwagie sosi ya nyanya mpaka kuku aogelee, aweke mozarela mbichi, lile jibini laini lenye maji, arudishe kwenye oveni. Kinachotoka ni mkate uliolowa! Sosi ichemshwe iwe nzito, viwekwe vijiko 2 katikati tu, kingo zibaki kavu. Mozarela ikamuliwe maji kwanza. Oveni iwe ya moto mkali wa juu, dakika chache, basi. Sosi peke yake inakula dakika 20, sasa hiyo 15 imetoka wapi?

Na msituambie ndivyo wanavyokula Italia. Huyo wa sosi na jibini ni chakula cha wahamiaji wa Kiitaliano kule Marekani, waliochukua mtindo wa parmigiana ya biringanya (biringanya za kuokwa na sosi ya nyanya na jibini) wakautia kwenye nyama. Cotoletta ya Milano, yaani nyama ya chenga za mkate ya kule, ni nyama ya ndama yenye mfupa, inakaangwa kwa siagi na haimwagiwi sosi. Ile ya kuku ya majumbani Italia inakamuliwa limau, inaliwa hapo hapo ikiwa moto. Hiyo ndiyo ya haraka kweli! Changanya Parmesan (jibini gumu) iliyokunwa kwenye chenga, punguza chumvi kwa sababu jibini lina ya kwake, kaanga, weka juu ya wavu mvuke utoke, kamua limau. Kwa nini hakuna anayeiweka hii mbele?

Nataka mnaopost mapishi haya mjibu hapa. Andikeni muda kuanzia kuku anapotoka kwenye friji, na mseme kidari kina unene gani. Kama ni dakika 45, andikeni 45, watu tuamue wenyewe kama tunaiweza jioni ya siku ya kazi.