Forester SG5 turbo: moshi wa bluu baada ya kubadili turbo nyumbani

BoksaMbili:
Wakuu habari. Gari ni Subaru Forester SG5 ya 2004, injini EJ205. Turbo ya zamani ilikuwa inalia kama filimbi na feni ilishaanza kugusa nyumba yake. Nimeitoa na kufunga TD04 used. Kazi nimefanya mwenyewe: gasketi za ekzosi mpya, washa za shaba mpya kwenye bolti za oili, filta mpya, oili 5W-40 dumu zima la lita 5. Gasketi ya flenji ya marejesho ya oili (bomba linaloirudisha oili kutoka turbo kwenda kwenye injini) sikuipata, nikapaka silikoni nyekundu. Mpira wa marejesho ni ule ule wa zamani.

Asubuhi ikiwaka haina shida. Ikikaa sailensa (inawaka bila kukanyagwa) dakika 8 hadi 10 inaanza moshi wa bluu, na nikikanyaga hapo nyuma hapaonekani. Barabarani moshi unapungua, nikiingia kwenye foleni unarudi. Maji hayapungui, taa ya injini haijawaka. Mmoja kaniambia turbo mbovu, mwingine kaniambia ringi za pistoni zimekwisha. Nianzie wapi kabla sijatoa hela tena?

HediGasketi:
Mkuu, usinunue kitu bado. Kwenye maelezo yako kuna watuhumiwa wawili, silikoni na hizo lita 5.

Watu wengi wanadhani turbo ina sili ya mpira kama ya krenki. Haina. Shafti ina viringi vidogo vya chuma kila upande, na hivyo peke yake havizuii oili iliyojaa. Kinachoizuia ni kwamba inaondoka haraka. Oili inaingia kwa presha kupitia bomba jembamba, inapita kwenye beringi, inatoka chini ikiwa povu na presha imeshaisha. Kutoka hapo inarudi kwenye injini kwa uzito wake tu, ndiyo maana bomba la kurudisha ni nene kuliko la kuingiza. Likibanwa, oili inajaa katikati ya turbo na kutokea kwenye shafti hadi ekzosi. Hata ukifunga turbo mpya kabisa itatoa moshi hivyo hivyo.

Hiyo ya kupungua ukitembea nayo inaeleweka. Kwenye sailensa nyuma ya feni hakuna presha ya kuizuia oili, ukikanyaga, gesi ya ekzosi inaisukuma irudi ndani.

Fungua bomba la marejesho, lipo chini ya turbo, linaingia kwenye hedi ya kulia, upande wa dereva. Toa bolti mbili za flenji na uchungulie ndani kwa tochi. Silikoni ikibanwa inafura pande zote mbili: ya nje unaiona na kuifuta, ya ndani inabaki imening'inia kama ulimi kwenye tundu. Kipande kikikatika kinaingia kwenye injini na kinaweza kufika kwenye chujio la pampu ya oili, na hapo tatizo si moshi tena. Kwangua yote, usafishe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ufunge gasketi kavu. Ukikosa ya dukani, kata ya karatasi ya gasketi inayostahimili joto na oili, tundu la katikati likubwe kidogo kuliko la bomba.

Mpira wa zamani tupa. Ukishakaukia joto la turbo hauvutiki, ukiulazimisha unajikunja kwa ndani au unapasuka kwenye klipu. Nunua wa oili, si wa maji ya rejeta, maana ule wa maji utalainika na kuvimba. Ukiufunga hakikisha unashuka moja kwa moja bila kona.

Dipstiki:
Naongezea kwenye lita 5. EJ205 na filta inachukua kati ya lita 4 na 4.5. Kama ulimwaga injini ikiwa baridi, kuna oili ya zamani iliyobaki ndani, kwa hiyo umezidisha zaidi ya unavyodhani. Oili ikizidi, krenki inaipiga inakuwa povu, presha ya ndani inapanda, na ile ya turbo inakosa pa kushukia.

Kupima: gari sehemu tambarare, injini imezimwa angalau dakika 10, futa kijiti, chovya, soma pande zote mbili na ufuate upande unaosoma chini. Kati ya alama ya chini (L) na ya juu (F) ni kama lita moja. Ikipita F, ipunguze. Usisubiri iungue yenyewe, majivu ya oili yanaharibu katalisti (kisafisha moshi cha kwenye ekzosi).

Kisha angalia pumzi ya injini. Ikiwa sailensa, toa mfuniko wa oili na uweke kipande cha karatasi juu ya tundu. Ikitulia au kuvutwa kidogo, sawa. Ikirushwa, kuna presha ndani, lakini usikimbilie ringi. Toa vali ya PCV (inayopitisha pumzi ya injini) uitikise na kuipuliza: lazima ipitishe upande mmoja tu. Halafu fuata mipira inayotoka kwenye vifuniko vya vali kwenda kwenye bomba la hewa kabla ya turbo. Kwenye umri huu ni migumu kama plastiki, na ukisogeza lile bomba kutoa turbo ni rahisi kuibana au kuvunja kiungo cha T.

Ukiwa hapo, papasa bomba lenyewe la mpira linaloingia kwenye turbo, kwa chini. Huchanika sana wakati wa kutoa turbo, na mchaniko hauonekani kwa juu.

PlagiNne:
Mimi sikubali kabisa hukumu ya ringi bila kipimo. Kuna njia ya kujua oili inatoka wapi bila kubahatisha: achanisha turbo na bomba linaloileta gesi ya ekzosi. Likiwa kavu, masizi ya kijivu au kahawia, na upande wa kutokea wa turbo umelowa oili, basi injini ni nzima na oili inaingia kwenye turbo. Likiwa limelowa kabla ya turbo, oili imepita kwenye silinda.

Plagi nazo zinasema. Nne zikiwa kavu, oili inaingilia upande wa ekzosi tu. Zote zikiwa na oili, fungua mpira wa intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) uone kama upande wa hewa nao unavuja. Moja tu ikilowa, hapo pima kompresheni: fyuzi ya pampu ya mafuta nje, koili zimechomolewa, plagi zote nje, pedali chini hadi mwisho. Ule ujanja wa kumwagia kijiko cha oili kwenye silinda uache. Boksa silinda zimelala, oili inakaa upande wa chini na kukudanganya.

BoksaMbili:
Nimefungua. Kijiti kilikuwa juu ya F karibu upana wa kidole. Kwenye flenji silikoni ilikuwa imeziba karibu nusu ya tundu, na mpira ulikuwa umejikunja nyuma ya klipu ya chini. Bomba kabla ya turbo kavu, baada ya turbo limelowa. Karatasi ilitulia. Nimefunga gasketi kavu, mpira mpya na oili nimeishusha kwenye F. Bado moshi upo, ila umepungua na sasa unatoka nikikanyaga tu.

HediGasketi:
Huo ni wa oili iliyolala kwenye ekzosi na intakula. Toa intakula, isimamishe na kuiacha ichuruzike, suuza kwa petroli mahali penye hewa, ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Ya kwenye ekzosi haifutiki, inaungua yenyewe: mwendo wa kawaida dakika 20 hadi 30, sehemu isiyo na watu karibu, bila kukanyaga sana. Moshi uendelee kupungua kila safari. Ikifika kilomita 100 haujaisha, au kijiti kinashuka, shika shafti ya turbo. Kutikisika kidogo kwa pembeni ikiwa kavu ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma ukaisikia kidoleni, hiyo used ilikuja imechoka.

Na kila ukifungua bomba la oili, kabla ya kuwasha toa fyuzi ya pampu ya mafuta, piga stata sekunde 10, pumzisha, rudia hadi taa ya oili izime.